Tanuri Halijapoa

Ujumbe wenyewe ulikuwa na maneno matano tu. "Sitaweza kuja leo. Tanuri. Samahani."

Niliusoma nikiwa nimesimama jikoni, gauni jipya limenibana kwapani, na sebuleni wameketi watu watatu waliojipamba kwa ajili ya mtu ambaye, kumbe, hakuwa anakuja. Baba alikuwa amevaa koti. Baba yangu hata harusini huvaa koti kwa kubembelezwa. Mama alikuwa amebadilisha vitambaa vya makochi mara mbili tangu alfajiri. Shangazi, dada yake Baba, alikuwa amesafiri saa tatu nzima ndani ya basi ili amwone huyo kijana kwa macho yake, na mkoba wake bado ulikuwa mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Miadi ilikuwa saa nne. Sasa ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

Mara ya kwanza alipokosa kuja, umeme ulikatika tanuri likiwa kwenye moto mkali, akabaki kazini kulinusuru. Tukasamehe. Mara ya pili mke wa mwenzake alijifungua, akashika zamu ya mwenzake bila hata kuniuliza. Tukasamehe, ingawa Shangazi alisema mke wa mtu mwingine kajifungua, wa kwake ataolewa lini. Leo ilikuwa mara ya tatu, na mimi sikuwa na msamaha mwingine kabatini.

Nilirudi sebuleni nikasema ukweli, kwa sababu sijui kudanganya nikiwa na hasira.

"Haji."

Mama alifumba macho. Shangazi akaangalia dari.

"Tena?" Baba aliuliza.

"Tanuri, Baba."

"Tanuri." Alilitamka neno lile kana kwamba ni jina la mwanamke mwingine. "Sasa nisikilize, mwanangu. Sina shida na fundi wa tanuri. Mimi mwenyewe nimekula jasho langu maisha yote. Shida yangu ni mwanaume ambaye kila tukimwita, ana kitu muhimu kuliko wewe. Leo tanuri. Kesho mtoto anaumwa, utamtafuta wapi?"

"Ndani ya tanuri," Shangazi alijibu kwa niaba yangu.

"Shangazi yako anaondoka saa kumi," Baba akaendelea. "Kijana wako akifika hapa kabla ya hapo, nitamsikiliza kama nilivyoahidi. Saa kumi ikipita, usimtaje tena ndani ya nyumba hii. Nimemaliza."

Baba akisema amemaliza, huwa amemaliza kweli. Nilichukua funguo zangu za kazini nikatoka na viatu vya visigino virefu miguuni, na njia nzima nilikuwa nikipanga matusi kwa mpangilio mzuri, madogo kwanza, makubwa mwishoni.

*

Kiwandani kwetu tunatengeneza visahani vya kuchujia maji. Ni vyeupe, vinene kama biskuti, na vimejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupita, uchafu na vijidudu hubaki. Tunavitengeneza kwa unga wa chembe ndogo mno. Chukua unywele wako mmoja, upasue kwa upana mara elfu, hapo ndipo utakaribia ukubwa wa chembe moja. Mimi ndiye ninayechanganya unga na maji kuwa uji, kisha naukausha. Wengine wanaushindilia kwenye umbo. Yeye, huyo asiyekuja, anauchoma tanurini. Kazini mimi naitwa Chapchap. Yeye anaitwa Nusudigrii, kwa sababu aliwahi kukataa kufungua tanuri mbele ya meneja mzima kisa limebakiza nusu digrii. Mtu akisikia majina yetu anacheka, halafu anauliza tulikutanaje. Hata mimi siku ile nilikuwa najiuliza.

Jumamosi kiwanda hufungwa. Nilisikia mlio wa tanuri tangu uani. Nikasukuma mlango wa chumba cha moto, na huyo hapo, ameketi juu ya kreti na kitabu chake cha kumbukumbu, ovaroli imeloa mgongoni, ndevu za siku mbili. Aliponiona alisimama haraka, na macho yake yakaanza kwenye viatu yakapanda polepole hadi kwenye nywele nilizosukwa kwa saa nne.

"Umependeza," alisema.

"Usithubutu."

"Lakini umependeza."

"Nimependeza kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya makochi? Baba kavaa koti! Unajua maana ya Baba kuvaa koti?"

"Samahani."

"Maneno matano! Umeniandikia maneno matano, na moja ni tanuri! Hukuweza hata kupiga simu?"

"Ningepiga ungeniuliza sababu."

Jamani, kuna watu wanakupandisha presha bila hata kupaza sauti. Aliangalia saa ya ukutani, akavaa glovu, akaniomba nisogee, akazungusha kidogo kifuniko cha tundu la hewa juu ya tanuri, kisha akaandika kitu kitabuni. Katikati ya ugomvi wetu! Nilitamani nimvue ile glovu nimchape nayo.

"Si kuna mtambo wa kujiendesha? Uache wenyewe!"

"Kifuniko kimekufa tangu mwezi uliopita. Kila robo saa lazima kisogezwe kwa mkono. Kikiachwa linapoa kwa kurukaruka."

"Na mwenzako?"

"Yuko likizo ya mtoto."

"Mtoto yuleyule?"

"Ndiyo. Yuleyule."

Nikacheka bila kupenda, kisha nikakasirika zaidi kwa sababu nilicheka. Nikamweleza habari ya saa kumi, neno kwa neno kama Baba alivyosema. Akaitazama tena saa ya ukutani.

"Linafunguka saa ngapi?" niliuliza.

"Saa kumi na moja na nusu."

"Basi ni tanuri au mimi. Chagua. Na usichukue robo saa kufikiri."

Alisimama ananitazama, na katika macho yake kulikuwa na kitu ambacho sikukielewa, kama mtu anayebana mlango kwa mgongo ili usione kilicho ndani. Mimi si mtu wa kuonyeshwa mlango uliobanwa. Nilimpita nikakiendea kitabu chake.

"Kiache hicho," alisema, kwa haraka ambayo haikuwa yake.

Nikakifungua. Mimi nachanganya unga, lakini nimekaa kiwandani miaka mitano; kusoma jedwali la moto nakujua. Mpango wetu wa kawaida unapanda kwa saa nane na kushuka kwa saa kumi na mbili. Huu ulikuwa umepanda kuanzia Alhamisi jioni hadi Ijumaa mchana, kwa vipande vidogo vidogo. Juu kabisa palipungua digrii sitini, na badala ya saa mbili pale juu, moto ulikaa karibu tano. Kushuka ndiko kulikuwa balaa kabisa: digrii arobaini kwa saa, tangu jana saa kumi na moja.

"Nani kabadilisha mpango?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kujaribu."

"Wewe? Kujaribu? Wewe unayekula chakula kilekile kila Jumanne?" Nikafunua ukurasa. Juu palikuwa pameandikwa kwa mwandiko wake mdogo: *Mchanganyo wa Jumatano. Visahani mia mbili na arobaini.*

Mchanganyo wa Jumatano ulikuwa wangu.

Jumatano ndiyo siku niliyomwahidi fundi nguo kwamba nitafika saa tisa kujaribu gauni. Uji wangu ulitakiwa kukauka kwa moto mdogo kutwa nzima, huku unageuzwa kila mara. Mimi niliupandishia moto, nikaukausha kwa saa tatu. Unga ulitoka mweupe, laini, mzuri kabisa kwa macho. Nikasaini, nikaondoka.

"Nionyeshe," nilisema.

"Haina haja."

"Nimesema nionyeshe!"

Alinipeleka kwenye meza ya darubini. Kulikuwa na kisahani kimoja kibichi, kimevunjwa katikati. Nikainamisha kichwa. Mahali palipotakiwa kuwa sawasawa kama mchanga uliochekechwa vizuri, palikuwa na madonge, na kati ya donge na donge kuna mashimo. Ndivyo chembe zile zilivyo. Ukizikausha taratibu zinakaa kila moja mahali pake. Ukizikimbiza, maji yanapotoka yanazivuta pamoja na zinang'ang'aniana, na baada ya hapo hata ushindilie vipi, hazikubali kuachana. Unga ni uleule, kutoka gunia lilelile. Ila umepitishwa njia mbaya, na kitu kingine kabisa ndicho kimetokea.

"Uligundua lini?"

"Alhamisi, wakati wa kuvipanga tanurini. Vilikuwa vyepesi kidogo mkononi. Nikapima kimoja, nikavunja."

"Ungevichoma kawaida ingekuwaje?"

"Madonge yangejikunyata kabla ya sehemu nyingine. Vingepasuka. Ukipandisha moto ili vishikamane, vitundu vinaziba, maji hayapiti. Nikafikiri, moto wa chini, muda mrefu, pengine vinaweza kujishika bila kuziba." Alikuna ndevu. "Pengine. Sina hakika."

Hospitali ilikuwa inavichukua Jumatatu asubuhi. Na mimi nilikuwa nimeshapewa onyo moja la maandishi kwa ajili ya haraka zangu. Meneja alisema la pili ndilo la kunitoa chumba cha mchanganyo. Yeye alilijua hilo. Alinishika mkono siku nilipolipokea.

"Kwa nini hukuniambia?" Sauti yangu ilikuwa imepanda hadi inanikwaruza koo. "Alhamisi tulikula pamoja! Ulikaa mbele yangu unatafuna, unajua, na unanyamaza!"

"Ulikuwa unanionyesha picha ya gauni. Ulikuwa na furaha."

"Kwa hiyo umeamua wewe! Umeamua peke yako kwamba mimi nisijue kosa langu, na baba yangu akuone mwanaume asiyejali, na mimi nije hapa nikutukane kwa kitu nilichokiharibu mwenyewe! Hiyo ndiyo huruma? Ningekuwa hapa na wewe tangu Alhamisi! Tungepeana zamu! Leo saa nne ungekuwa umeketi kwetu umeoga, na mimi nashika kifuniko!"

Nilimwona akiipiga ile hesabu kichwani, taratibu kama kawaida yake, na nikaona inapoingia.

"Kweli," alisema. "Hilo sikulifikiria."

Hapo ndipo nilipotaka kulia. Si kwa huzuni, kwa kuchoka. Utamfanya nini mtu ambaye siku mbili hajalala vizuri kwa ajili yako, na bado amekukosea?

Aliangalia saa. Kisha akavaa glovu ya pili, ile nene ya kiwiko, akauendea mlango wa tanuri.

"Unafanya nini?"

"Nafungua. Nitaoga hapa, nitavaa shati la kwenye kabati. Saa saba tutakuwa kwenu."

"Liko digrii mia tatu na sitini!"

"Mia tatu hamsini na nane."

"Hewa ya baridi ikiingia vitapasuka vyote!"

"Najua." Mkono wake ulikuwa tayari kwenye komeo. "Umesema nichague. Nimechagua."

Viatu sijui nilivivua saa ngapi. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa peku, mgongo wangu unaungua kwa joto la mlango, mikono nimeitanua kama kipa, na ninampigia kelele mwanaume niliyekuja kumng'oa pale kwa nguvu.

"Usiguse! Usiguse komeo hilo!"

"Wewe mwenyewe ulisema..."

"Nilisema kabla sijajua ni vyangu!"

Tukatazamana. Alikuwa karibu kiasi kwamba niliona vumbi jeupe kwenye kope zake. Nilitamani kumkumbatia na nilitamani kumsukuma, na kwa kuwa sikuweza kuamua, nilibaki vilevile nimebandikwa mlangoni mpaka gauni likaanza kunuka pasi.

"Toka hapo, utaungua," alisema taratibu.

"Ondoa mkono kwanza."

Aliondoa. Nami nikatoka, nikachukua simu yangu, nikampigia Baba kabla ujasiri haujanikimbia.

*

"Mko njiani?" ndilo neno lake la kwanza.

"Hapana, Baba. Haji. Hawezi kutoka kabla ya saa kumi na moja na nusu."

"Basi tumemaliza."

"Baba, usikate. Nina la kusema." Nilifumba macho. "Kosa ni langu. Jumatano niliharakisha kazi ili niwahi kwa fundi nguo. Nimeharibu visahani mia mbili na arobaini vya hospitali. Yeye amekaa hapa tangu Alhamisi kuviokoa ili nisifukuzwe, na hakuniambia, na kwa hilo nimeshamgombeza vya kutosha. Alitaka kuacha vyote viharibike ili aje kwako. Mimi ndiye niliyemzuia. Kwa hiyo ukitaka kumkasirikia mtu, nikasirikie mimi."

Nilimsikia Shangazi kwa mbali akiuliza, "Anasemaje? Anasemaje huyo?"

Simu ikakatika.

Niliiweka mezani. Sikuwa na hasira tena, na bila hasira nilijiona mtupu kabisa. Nusudigrii hakuniambia yataisha, wala hakuniambia nisijali. Alinipa ovaroli ya akiba. Nikaivaa juu ya gauni, nikakunja mikono, nikakaa kwenye kreti ya pili. Robo saa ilipofika nilisimama mimi nikasogeza kifuniko.

"Kidogo zaidi," alisema.

"Naona."

"Umepitiliza."

"Sijapitiliza!"

Akasimama akarudisha upana wa ukucha. Nikapumua kwa nguvu, nikaandika namba kitabuni. Tulifanya hivyo mara saba au nane, tukizozana kila mara. Nilijikaza kutoangalia saa, na kila dakika nilijikuta naiangalia. Saa saba ilikuwa imefika. Nilikuwa nikihesabu zilizobaki hadi saa kumi, na nikikumbuka kwamba Baba hajawahi kurudi nyuma kwa neno alilolisema, hata lile alilojutia.

Mlango wa nje uligongwa. Mlinzi wa kiwanda huwa hagongi.

Aliyeingia kwanza alikuwa Baba, na koti lake, akikanyaga kwa uangalifu kati ya nyaya. Nyuma yake Mama, ameinua gauni lisiguse sakafu. Nyuma ya Mama Shangazi, mkoba kifuani, akitazama mabomba ya juu kama mtu asiyeyaamini hata kidogo.

Nusudigrii alisimama ghafla hata kreti ikaanguka. Alitaka kutoa mkono, akaona glovu, akaivua, akaona mkono wenyewe ni mweusi zaidi ya glovu, akaurudisha nyuma.

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Mama. Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba," alisema Mama peke yake.

Baba alimtazama kuanzia buti hadi ndevu. Kisha akanitazama mimi, na ovaroli yangu, na miguu yangu mitupu.

"Miaka ishirini na saba nimemlea huyu," alimwambia, bila kuniondolea macho. "Amevunja vikombe, amevunja kioo cha jirani, aliwahi kugonga geti langu na gari la watu. Kila mara ilikuwa kosa la kikombe, la kioo, la geti. Leo amenipigia simu anasema kosa ni lake. Nikamwambia mama yake, vaa viatu, tukamwone mtu aliyefanya jambo hili."

"Baba!" nilisema.

"Nyamaza. Sikuja kwako." Aliinua kreti iliyoanguka, akaipangusa kwa kiganja, akaketi. "Hili ndilo tanuri?"

"Ndilo, Mzee."

"Limebakiza ngapi?"

"Digrii mia moja na themanini."

"Basi anza kusema. Shangazi yake anaondoka saa kumi."

Nusudigrii alinitazama. Nilimkazia macho, nikimwomba kwa nguvu zangu zote asifikiri, kwa mara moja tu katika maisha yake, aseme chochote kile. Alijipangusa mikono kwenye ovaroli, ikazidi kuwa nyeusi.

"Mzee," alisema, "mara mbili zile nilikosa, na sina la kujitetea. Nilidhani kungoja hakumuumizi mtu. Leo nimeambiwa kwa kelele kwamba kunaumiza." "Mimi nampenda binti yako. Nampenda sana, Mzee. Ninaomba nafasi ya kuja nyumbani nikiwa nimeoga."

"Kumbe anaongea," alisema Shangazi, akaweka mkoba chini kwa mara ya kwanza siku ile.

Baba aliukunja uso, akaukunjua, akavua koti lake akaliweka magotini kwa sababu ya joto.

"Jumapili ijayo," alisema. "Saa nne. Na hilo dude liwe limezimwa."

Mama alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Watu wote mle ndani walikuwa wanatabasamu isipokuwa mimi. Miezi kumi na minne tumekuwa pamoja. Nimemsubiri kwenye mvua, nimemsubiri kwenye simu, nimemdokezea mpaka nikaona aibu, na neno hilo la kupenda sijawahi kulisikia kinywani mwake hata siku moja. Leo amelipata, amelisema mara mbili, na aliyeambiwa ni baba yangu.